Yuko, Yupo, Yumo: Namna ya Kuandika Hadithi Fupi ya Kigothiki Kuhusu Mapenzi Yasiyoachia

Mtu anayeogopa kuachwa hasemi "naogopa kuachwa." Anapika. Anafagia. Anaamka saa kumi usiku kuangalia kama viatu bado viko mlangoni. Rasimu nyingi za hadithi za aina hii huharibika papo hapo: mwandishi anamjaza mhusika maneno ya mahaba na hofu kurasa tatu nzima, msomaji anachoka kabla hajaogopa. Kwa hiyo tangu mwanzo shika jambo moja. Hofu ya mhusika igeuze iwe kazi za nyumbani, halafu nyumba yenyewe ndiyo iseme.

Hadithi za Kigothiki, yaani za hofu na majumba ya kale, zilianzia Uingereza mwaka 1764, mwandishi Horace Walpole alipotoa riwaya yake ya ngome yenye laana. Mengi yamebadilika tangu hapo, ila mawili yamebaki: pana jengo la zamani, na pana jambo lililopita linalokataa kupita. Wewe ngome huihitaji. Mikindani, Lindi mjini na Kilwa kuna kuta za kutosha, na mifano yote hapa chini inatoka huku Kusini mwa Tanzania.

Vipimo kwanza. Hadithi iwe maneno 2,500 hadi 3,000. Wahusika watatu: anayependa, anayependwa, na mtu wa nje anayetazama. Nyumba moja, kitu kimoja kinachorudi, msimu mmoja wa korosho. Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, aliandika mwaka 1846 kwamba kazi ya fasihi isomwe kwa kikao kimoja, maana msomaji akiinuka dunia humwingilia na athari hukatika. Pima hivi: isomeke yote stendi kabla basi halijajaa.

Hatua ya 1: Mpe kazi, usimpe hotuba

Chukua karatasi uandike kazi kumi anazozifanya mhusika kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Futa saba. Katika tatu zitakazobaki, moja iwe ya kawaida kabisa, moja iwe imezidi kidogo, na ya tatu isielezeke.

Tumchukue Somoe wa Mikindani, ambaye mumewe Athumani ametoka tangu mwezi wa sita. Kila jioni humwekea chakula na kukifunika kawa. Hiyo ni ya kawaida, wake wengi hufanya. Kila Ijumaa huitoa baiskeli ya Athumani uani, akaifuta vumbi, akatia cheni mafuta na kujaza upepo. Hapo imezidi kidogo, lakini jirani anaweza kusema "anamheshimu mumewe." Na kila usiku, kabla ya kulala, hufunga ncha moja ya kanga kwenye komeo la mlango na ncha nyingine kwenye kifundo chake cha mkono, ili mtu akitoka ashtuke. Ndani hamna mtu mwingine wa kutoka. Usilieleze hilo. Ukiongeza sentensi moja tu ya "kwa sababu aliogopa," umelikata mshipa.

Inasaidia kujua hofu yenyewe inavyofanya kazi. Watafiti John Bowlby na James Robertson, waliofuatilia watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi wao katika hospitali za Uingereza, walieleza awamu tatu. Mtoto kwanza hulia na kupinga. Kisha hukata tamaa, hunyamaza, hukaa kama mgonjwa. Mwisho hujitenga: mama akija, humtazama kama mgeni. Katika hadithi ya Kigothiki awamu ya tatu haifiki. Mhusika huzunguka kati ya kupinga na kukata tamaa, akirudi palepale kila mara, na mzunguko huo ndio msuko wako. Siku akifika ya tatu amepona, na ni heri kwake, ila wewe huna tena hadithi.

Yupo pia mtafiti Mary Ainsworth, aliyewachunguza mama na watoto wao nchini Uganda katika miaka ya 1950, kisha akaendelea na kazi hiyo Marekani. Kati ya aina za watoto aliowaeleza kuna yule ambaye mama akirudi humkimbilia apakatwe na papo hapo humsukuma kwa hasira. Kama hadithi yako ina tukio la kurudi, iandike kwa mikono hiyo miwili. Athumani akirudi, Somoe asimrukie shingoni tu. Ampokee begi, amtandikie mkeka, ampelekee maji ya kuoga, na maji yawe yamepoa.

Kosa la hatua hii ni kumfanya kichaa tangu aya ya kwanza. Ukianza kileleni hakuna ngazi ya kupanda. Hadi theluthi ya kwanza ya hadithi, msomaji awe anamsifu.

Hatua ya 2: Amua nyumba ni ya nani

Hapa usiharakishe, maana ndipo hadithi ya Kusini inapotengana na ya Ulaya.

Katika hadithi nyingi za Kigothiki za Ulaya nyumba ni ya mwanamume. Bibi harusi huingia akiwa mgeni, anakabidhiwa funguo zote isipokuwa mmoja, na hofu inaanzia hapo. Lakini kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa mila za zamani, ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mwanamume akioa alihamia kwa kina mke. Dini, mji na pesa za korosho vimebadilisha mengi, ila kivuli cha mila hiyo kipo bado. Basi mgeni ndani ya nyumba ni mume. Mwenye funguo ni mke, nyuma yake yupo mama mzazi, na pembeni yupo mjomba ambaye neno lake ni zito kuliko la baba.

Angalia swali linavyogeuka. Huulizi tena nani amefungiwa ndani. Unauliza mgeni huyu akiondoka, ataondoka na nini? Akiwa na begi moja tu, anaweza kuondoka usiku mmoja, na Somoe analijua hilo tangu siku ya ndoa. Hofu yake ina sababu. Hofu isiyo na sababu yoyote humchosha msomaji. Hofu yenye sababu ndogo iliyokuzwa mno humkaba.

Kisha jenga chumba. Nyumba za zamani za mawe katika mwambao huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari lake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haiongezeki kwa kupenda kwako, ndiyo maana vyumba vingi vya aina hiyo havizidi sana mita 2.5 hadi 3 kwa upana, ingawa vinaweza kuwa virefu kama ukumbi. Kiwango hicho ni mali kwa mwandishi. Katika chumba cha upana huo kitanda kikishawekwa, watu wawili hawapishani kando yake bila mmoja kujibana ukutani. Andika tukio la kupishana. Mara ya kwanza wanacheka. Mara ya pili mmoja anasimama asimpishe mwenzake.

Kuta nazo hazitulii. Chumvi hutembea ndani ya jiwe pamoja na unyevu, ikitoka nje huibambua chokaa, na asubuhi sakafuni kuna unga mweupe mwembamba. Somoe anaufagia. Kesho upo tena. Unga huo hushika nyayo. Ukiwa na chumba kirefu chembamba, unga mweupe sakafuni na mwanamke anayefagia kila asubuhi, bado unasaka mzimu wa nini?

Nyumba ya udongo na fito yenye paa la bati inafaa vilevile, hasa ikiwa shambani chini ya mikorosho. Bibo likianguka juu ya bati saa nane usiku hupiga kama ngumi moja, halafu kimya. Harufu yake likichacha ni tamu ya kuudhi. Boma la Wajerumani la Mikindani, la mwaka 1895, linavutia macho lakini liligeuzwa hoteli, na hofu haikai vizuri karibu na meza za kifungua kinywa.

Tupa vitu ulivyovikopa: theluji, mbwa mwitu, moto wa sebuleni, kinanda kinachojipiga chenyewe. Hata ukungu. Waandishi wengi wachanga huuleta ukungu mzito wa London Mtwara mchana kweupe. Huku tuna kitu bora. Kuanzia mwezi wa sita wakulima hupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo haujaamka na umande bado uko kwenye majani ili unga ushike. Mashine inanguruma usiyoiona, wingu la manjano linatambaa kati ya miti, mtu aliyejifunga kitambaa usoni anatokea na kupotea. Harufu ni ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Ni ukungu wenye sababu, wenye msimu na wenye kuwasha macho. Somoe akisema machozi yake ni ya salfa, hakuna wa kumbishia.

Na bahari. Ghuba ya Mikindani hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mtu anayesubiri atalijua hilo kuliko mvuvi. Yanarudi kila siku, ila kila siku yanachelewa zaidi. Usimwambie msomaji kwamba ni fumbo la mapenzi. Mwache Somoe ahesabu tu.

Hatua ya 3: Mpe anayeondoka sababu ya haki

Athumani asiwe mhuni. Akiwa mhuni, kumng'ang'ania ni ujinga tu, na ujinga hautishi. Ampende mkewe, na bado aondoke. Kusini sababu hazikosi: vijana wa huku wamekwenda Dar es Salaam kuuza mikononi kwa miaka mingi, na neno machinga lenyewe huhusishwa na Wamachinga wa Lindi.

Kama unaandika kipindi cha kabla ya mwaka 2003, barabara inakusaidia. Daraja la Mkapa halijafunguliwa, Rufiji inavukwa kwa kivuko, na masika yakishika malori hulala njiani siku nyingi. Mtu anaweza kuchelewa wiki tatu bila kosa. Hata kwa hadithi ya leo: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kilwa. Kizuizi cha kweli kina faida kubwa, maana kila siku inampa anayesubiri udhuru mpya wa kuendelea kusubiri.

Simu imeua mizimu mingi. Msomaji atauliza, mbona asimpigie? Jibu mapema. Ama rudisha hadithi nyuma ya simu, ama ifanye simu yenyewe iwe chumba cha tano cha nyumba. Jaribu hivi: kila tarehe 5 unaingia ujumbe wa muamala, shilingi 20,000, na jina la Athumani, ambalo Somoe analisoma kwa kidole. Akipiga, namba haipatikani. Pesa zinakuja, sauti haiji. Halafu mwezi mmoja ziingie 20,500, kana kwamba mtu amekosea kubonyeza, na Somoe akeshe usiku kucha akizitafutia maana hizo 500.

Usisahau dini na desturi, kwa sababu zinamlazimisha mhusika kuchagua hadharani. Zikija habari kwamba Athumani amefariki baharini, wazee watataka khitma isomwe na Somoe akae eda, miezi minne na siku kumi. Mjane aliyekaa eda amekubali. Somoe anakataa, na hakatai kwa kelele: anakwenda sokoni siku hiyo amevaa kanga mpya, ananunua samaki wa watu wawili.

Hatua ya 4: Chagua mdomo

Njia tatu zinafaa.

"Mimi" ya anayependa ni ya hatari na ndiyo tamu. Msimulizi huyu haaminiki, na asijue kwamba haaminiki. Katika "Ligeia" ya Poe, ya mwaka 1838, msimulizi anamsifia mkewe nywele, macho na elimu, kisha anakiri kwamba jina la ukoo wake hakuwahi kulijua. Kasoro hiyo moja inafanya kazi kuliko kurasa za wazimu: anampenda mtu ambaye hakujali kumjua. Iga ufundi, acha hadithi. Somoe akisimulia, ajue kila kidonda kwenye mguu wa Athumani, lakini akiulizwa mumewe alitaka nini maishani, abadilishe mazungumzo.

"Sisi" ya baraza ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza. Mmarekani William Faulkner aliitumia mwaka 1930 katika hadithi yake ya bibi aliyejifungia nyumbani, ambamo mji mzima ndio unaosimulia. Kwetu haina haja ya kuazimwa: baraza ipo, na wanaokaa juu yake wanaona kila kitu isipokuwa cha ndani. "Sisi" hukisia, hulaumu, huhurumia, na mwisho hugundua kuwa walikuwa na sehemu yao.

Ya tatu ni ya anayependwa, yaani mume anayejua kwamba hatatoka. Ngumu. Ijaribu ukishaandika mbili za mwanzo.

Hatua ya 5: Kitu kimoja, mara nne

Kitu kinachorudi kionekane mara nne, na kila mara kiwe kimebadilika kidogo. Mara mbili hazitoshi, msomaji hajakizoea. Mara sita zinachosha, anaanza kukisubiri. Kiwe cha kushikika na chenye matunzo yake: sanamu ya mpingo, ambayo ikikaushwa haraka hupasuka, au kanga, kwa kuwa doti ni vipande viwili vinavyofanana, na kimoja kikitoweka kilichobaki ni ushahidi. Sisi tunabaki na baiskeli.

Mara ya kwanza iko uani, safi, watu wanaisifu. Mara ya pili ni safi mno kwa baiskeli isiyopandwa. Ya tatu iandike kwa karibu, polepole, jicho likae kwenye vitu na lisiende moyoni:

"Ijumaa ile Somoe aliipindua baiskeli kama kawaida, siti na usukani juu ya gunia, magurudumu juu. Akachovya unyoya wa kuku kwenye kopo la oili chafu, akaanza kuupitisha juu ya cheni, jino kwa jino, huku mkono wa kushoto ukizungusha pedeli. Gurudumu la nyuma likazunguka, spoku zikawa kama maji. Sisi tuliokuwa barazani tulikuwa tunazungumza bei ya korosho. Liliposimama ndipo Bi Mwanahawa alipoinama. Katikati ya meno ya tairi palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umeshika kama ugali. Mikindani mchanga ni mweupe. Udongo ule ni wa juu, wa Newala. Somoe akauona anavyoutazama, akaukwangua kwa ukucha, akaufuta kwenye kanga yake, akaendelea kutia mafuta."

Hesabu maneno ya hisia hapo. Hakuna hata moja.

Mara ya nne baiskeli iko chumbani. Kumbuka upana wa chumba. Ikishaegemezwa kando ya kitanda, aliye upande wa ukutani hawezi kutoka mpaka mtu aiondoe.

Hatua ya 6: Majini, limbwata na ndondocha

Vinaruhusiwa, kwa kipimo. Limbwata, dawa ya kumfunga mpenzi, limechezewa sana kwenye vichekesho, ukiliweka wengine watacheka. Ndondocha ana uzito zaidi kwa mada hii: mtu anayesadikiwa amekufa na kuzikwa, kumbe amefichwa akitumikishwa. Ndani yake kuna swali lenye makali kuliko jini lolote. Je, Somoe angependelea Athumani aondoke mzima, au abaki ndondocha? Mwandikie usiku mmoja akilipima swali hilo kama anavyopima mchele, kopo kwa kopo.

Acha milango miwili wazi hadi mwisho. Kila jambo la ajabu liwe na maelezo ya kawaida yanayotosha kidogo: udongo wa Newala ungeweza kuwa wa mtu aliyeiazima baiskeli usiku. Na usimweke bibi mzee mwenye macho mekundu awe mchawi. Ni picha iliyochakaa, na tuhuma za namna hiyo huwatoa uhai wazee wa kweli.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Machache. Watu wa baraza hawamuulizi mtu "unajisikiaje?" Wanabisha hodi, wanasalimiana hadi mwisho, na habari yenyewe hujificha ndani ya salamu. Mke hamtaji mumewe kwa jina mbele ya wakubwa, ni "baba Zaituni" au "mwenyewe." Siku Somoe atakapotamka "Athumani" kavukavu mbele ya mama yake, msomaji wa Kiswahili atashtuka bila kusukumwa.

Hatua ya 8: Tumia sarufi, ndiyo mzimu wako

Hiki ndicho kifaa ambacho hakuna anayeweza kukuazima, na waandishi wetu wengi wanakipita kama hawakioni.

Anza na kitenzi cha kuondoka. "Aliondoka" limekwisha, limefungwa. "Ameondoka" hali ingalipo. "Ametoka" ni jepesi zaidi, kama mtu aliyekwenda dukani kununua chumvi. Somoe aseme "ametoka" miezi sita mfululizo. Baraza waseme "ameondoka," kisha kwa kunong'ona "aliondoka." Mabishano yote ya hadithi yako yamo katika tofauti hiyo, na hakuna anayepaza sauti. Fanya hivyohivyo na "kuacha": watu wakisema "waliachana," wanagawa kosa kwa wawili, wakisema "aliachwa," wamemwelemea mmoja, Somoe mwenyewe asitumie lolote kati ya hayo.

Njoo kwenye nyakati. Kazi zake ziandike kwa "hu-": hufagia, hufunika, hujaza upepo. "Hu-" haina jana wala kesho, inazunguka tu, ndiyo sauti ya mtu aliyekwama. Kaa humo kwa kurasa mbili za mwanzo. Siku jambo litakapovunjika, ruka kwenye "-li-" na "-ka-": alifungua, akakuta, akakaa chini. Msomaji atahisi ardhi imesogea bila kujua ni kitu gani kimeisogeza. Wanaokosea hapa huchanganya "hu-" na "-li-" tangu aya ya kwanza, na wakati wa mshtuko unapofika hawana kitu cha kubadilisha.

Kisha silabi tatu. Kiswahili hakikuruhusu kusema mtu "yuko" bila kuonyesha yuko kwa namna gani. "-ko" ni mahali pasipo mpaka, huko, popote. "-po" ni mahali mahususi, hapa ninapopajua. "-mo" ni ndani. Gawa hadithi kwa silabi hizo. Mwanzoni, wiki chache baada ya safari:

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."
"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe yuko?"
"Yuko."

Jibu la kawaida, hata la ukweli. Yuko huko alikokwenda. Katikati ya hadithi, msimu wa korosho umeiva, swali ni lilelile na Somoe anajibu "Yupo." Bi Mwanahawa anatazama uani, haoni mtu, anadhani amesikia vibaya. Usimfanye aulize tena. Mwache aondoke na shaka yake.

Hatua ya 9: Mwisho

Miisho mitatu usiiguse: ilikuwa ndoto, polisi wakavunja mlango na kueleza kila kitu, mzee akatoa nasaha. Wa kwanza unamdhulumu msomaji, wa pili unaigeuza hadithi kuwa taarifa ya habari, wa tatu unaifanya mahubiri.

Maliza kwenye kitu au kwenye neno, kabla ya maelezo. Katika mfano wetu maliza mlangoni. Mvua za kwanza zimeanza, Bi Mwanahawa amekuja kurudisha kawa aliyoazima. Anabisha hodi. Komeo halifunguki mara moja, maana kuna kanga imefungwa kwa ndani. Kwenye upenyo anaona gurudumu la baiskeli, na chini yake unga mweupe wa chokaa wenye nyayo za ukubwa mbili. Hajauliza kitu. Somoe anamjibu kabla hajaulizwa, kwa neno moja, na mlango unarudi.

Hatua ya 10: Kukata

Rasimu ya kwanza iache ifike hata maneno 3,500. Ilaze siku tatu, kisha isome kwa sauti, peke yako, usiku. Kila mahali ulimi unapojikwaa, sentensi ina kosa. Futa maneno "hofu," "kutisha," "ghafla" na "giza totoro" yote, halafu rudisha yale tu ambayo sentensi imeanguka bila hayo. Kwa kawaida hurudi moja au mawili. Aya yoyote inayoeleza Somoe anahisi nini, iondoe na uweke kazi. Hakikisha mwezi unakubaliana na shamba: salfa isipuliziwe wakati mabibo yanaanguka, msomaji wa Tandahimba atakukamata.

Mwisho, lisake neno "yumo" katika rasimu nzima kwa kitafutio cha kompyuta au cha simu. Litokee mara moja tu, pale mlangoni. Likionekana mahali pengine, hata kwa habari ya panya kwenye gunia la korosho, libadilishe.